Muulize Fundi: Friji ilikuwa inakata umeme usiku, fundi kaja kaitengeneza, sasa inatekenya

Jamani maswali ya umeme mwezi huu yamezidi ya mabomba, na karibu nusu yake yanahusu kitu kimoja, ile swichi pana ya kwenye boksi la breka yenye kitufe kidogo kimeandikwa T. Wengine wanaiita RCD, wengine meni swichi, wengine "ile inayoruka". Nimechagua maswali manne. La kwanza nimelijibu kwa urefu sababu lilininyima raha tangu nilivyolisoma.

SWALI: Fundi shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu niko Kigamboni, nauza juisi na barafu hapa nyumbani yaani friji ndo ofisi yangu. Tangu mwezi wa tatu umeme ukawa unakata nyumba nzima usiku, jirani wanao sisi hatuna, LUKU ina yuniti za kutosha, nikienda kuipandisha ile swichi inakubali inakaa vizuri tu, halafu kesho yake tena au siku nyingine mchana. Fundi wa kwanza akasema swichi imechoka nikanunua mpya, siku mbili ikaanza tena. Fundi wa pili akahangaika weee akagundua ni friji, akafungua plagi akafanya mambo yake akasema mama nimemaliza, na kweli mwezi mzima haijakata. Shida ni kwamba sasa ukishika friji pembeni ukiwa peku inatekenya, binti yangu anasema inamuuma kama sisimizi. Nimempigia fundi anasema friji za siku hizi ndo zilivyo. Ni kweli?

JIBU: Marahaba dada. Kabla hujasoma mbele vaa ndala kavu, nenda kwenye boksi teremsha meni swichi, chomoa plagi ya friji, ndo upandishe tena umeme wa nyumba. Juisi peleka kwa jirani. Sio kweli, friji za siku hizi haziko hivyo na za zamani hazikuwa hivyo, na nadhani aliyekwambia anajua kabisa alichokifanya.

Sijafika kwako lakini nikifungua hiyo plagi nahisi najua nitakuta nini. Niliwahi kuitwa Tabata kwa mpangaji mmoja, malalamiko ni hayahaya, ilikuwa inakata, ikatengenezwa, sasa inauma. Nikafungua plagi. Waya wa kahawia upo kwenye fyuzi, wa bluu upo mahali pake, ule wa kijani na njano umekatwa kwa kisu palepale unapotoka kwenye ganda, ncha imekunjwa nyuma ikafungwa tepu nyeusi vizuri kabisa kama zawadi ya harusi. Ile pini ndefu ya juu ilikuwa haijashikwa na kitu. Yule mpangaji alikuwa amelipa kwa kazi hiyo.

Sasa ngoja nikueleze kwanini kukata huo waya kunaifanya swichi inyamaze. Mfikirie muuza kahawa anayehesabu vikombe. Vikombe vilivyotoka kwenda kwenye benchi lazima virudi vyote, vikitoka ishirini vikarudi kumi na tisa anajua kimoja kimepita njia nyingine. Umeme unatoka kwenye waya wa laivu, unazunguka ndani ya friji, unarudi kwenye nyutro, na hiyo swichi kazi yake ni kulinganisha waliotoka na waliorudi. Tofauti ikifika kiasi fulani inaruka, na kiasi chenyewe kimeandikwa usoni mwake, 30mA au 0.03A. Ni kidogo sana hicho. Birika la wati 2000 linakula karibu ampea 9, kwahiyo swichi inaruka kwa upungufu wa kama sehemu moja kati ya mia tatu ya umeme wa birika. Saketi breka za kawaida, zile nyembamba zilizopangwa pembeni yake, hazioni kitu kidogo hivyo, zenyewe zinangoja mzigo uzidi au shoti kabisa.

Friji yako kuna sehemu ndani umeme unavuja unagusa bati. Waya wa kijani ulikuwa unaubeba huo umeme unaupeleka ardhini, swichi inaona upungufu, inakata, wewe unalala. Fundi akakata njia. Umeme uliovuja bado upo palepale kwenye bati ila hauna pa kwenda, na kwa sababu hauna pa kwenda hakuna upungufu, swichi imetulia. Umekaa hapo unasubiri mtu, na mtu mwenyewe ndo binti yako akiwa peku.

Utaniuliza, mbona akishika swichi hairuki? Kwa sababu mwili unaanza kusikia umeme kwenye kama 1mA hivi, hapo ndo pa kutekenya, wakati swichi inangoja 30, na zingine zinaruhusiwa kuanza kuruka kuanzia 15. Sakafu kavu ndo inaubania umeme usipite mwingi. Siku ukipiga deki maji yakawa chini, au binti katoka kuoga, ile hesabu inabadilika palepale, mkono unaweza kukakamaa ukang'ang'ania hata hauachii, na hapo mnategemea hiyo swichi peke yake iwahi. Inatakiwa kukata ndani ya sehemu ya sekunde, na kwako ni mpya nashukuru. Lakini kuna nyumba fundi akishakata waya wa kijani anaiondoa na swichi yenyewe anaunga moja kwa moja, hiyo tena ni habari nyingine.

Haya, tuje kwenye ugonjwa wenyewe, maana friji inatibika. Mimi nikiitwa kwenye kazi kama hii kabla sijatoa hata bisibisi nauliza swali moja tu, inaruka saa ngapi? Sio saa ya ukutani, namaanisha inaruka kifaa kikiwa kinafanya nini. Wewe umeshaniambia bila kujua. Inakaa masaa halafu inakata, ukipandisha inakubali. Ingekuwa inaruka mara tu ukichomeka ningetazama kamba ya umeme, plagi, taa ya ndani, au panya aliyekula waya huko nyuma. Ingekuwa inaruka kila mota inapoanza, unasikia tak halafu giza, ningetazama kompresa na kile kiboksi cha plastiki ubavuni mwake, nimeshakuta mjusi mkavu humo amelala juu ya vituo vya waya. Yako inaruka kwa zamu, na ndani ya friji kitu kinachofanya kazi kwa zamu ni hita ya kuyeyusha barafu.

Friji zisizogandisha barafu ukutani zina hita imejificha nyuma ya ukuta wa ndani wa friza. Mota ikishakimbia masaa kadhaa, mara nyingi kati ya 6 na 12, inapumzika, hita inawaka dakika chache inayeyusha barafu, maji yanashuka kwenye kitrei chini, kazi inaendelea. Hiyo hita inaishi kwenye maji na barafu maisha yake yote, siku ganda lake likipata ufa unyevu unaingia, na kuanzia hapo kila ikiwaka umeme unavuja. Na kwanini ukipandisha swichi inakubali? Nyingi zenye bodi ya elektroniki umeme ukikatika zinaanza kuhesabu upya, zinaanza na kupoza, kwahiyo unapata masaa mengine ya amani. Zile za zamani zenye taima ya kuzunguka zingekukatalia mpaka uchomoe friji, maana taima imesimama palepale kwenye hita.

Kama ukuta wa friza yako unajaa barafu mpaka unakwangua na kisu (usikwangue na kisu) basi haina hita hiyo na hapo nimekosea, fundi aanze na kompresa.

Cha kumwambia fundi wa tatu, na msimamie akiwa anafanya. Kwanza arudishe waya wa kijani kwenye plagi, kabla ya kitu kingine chochote. Pili apime kila sehemu peke yake na bati, hita, kompresa, feni, kwa mega ya volti 500 (kipimo kinachosukuma volti kubwa kuona kama umeme unavuja), sio kwa tesita ya bisibisi na ikiwezekana sio kwa multimita peke yake, sababu multimita inapima kwa betri ndogo, hita yenye unyevu inaweza kuonekana nzima kabisa mbele yake halafu ikipewa volti 230 inavuja. Sehemu nzima itasoma mega-omu nyingi, ikiwa chini ya 1 hiyo ndo mgonjwa. Tatu akague na ethi ya nyumba, ile fimbo ya shaba iliyozamishwa ardhini nje, mara nyingi karibu na mita, nati yake inashika kutu au mtu kaichomoa akilima mchicha. Hita inabadilishwa peke yake, huhitaji friji mpya, na usikubali kuuziwa kompresa kabla hujaona mega imesoma nini.

Na fundi wa kwanza usimlaumu sana, swichi huwa zinachoka kweli. Ila kosa lake ni kwamba alinunulisha kabla ya kuchomoa. Kuna njia ya bure inaanza kabla ya fundi yeyote: chomoa vyote, namaanisha kuchomoa plagi zitoke ukutani, sio kuzima, sababu yake nitaisema kwenye swali la tatu. Pandisha swichi. Ikikataa na hakuna kilichochomekwa, shida iko kwenye waya za nyumba au taa au kitu kilichofungwa moja kwa moja kama hita ya bafu. Ikikaa, rudisha kimoja kimoja, kila kimoja ukipe muda wake, friji ipe siku nzima. Usishangae pia ukikuta hakuna mwenye kosa peke yake, maana ile 30 ni ya nyumba nzima, tivii inavujisha kidogo, kompyuta kidogo, stabilaiza kidogo, hivyo vya halali kabisa, halafu anakuja mmoja mgonjwa nusu anajaza kikombe.

SWALI: Hujambo fundi. Niko Mombasa nyumba ya kupanga. Shawa ya stima tukiiwasha inatripu ile swichi, lakini si kila siku. Maji ya mfereji yakija inafanya vizuri wiki nzima. Yakikosa mwenye nyumba analeta boza la maji ya kisima, hapo ndipo balaa, ukiwasha tu nyumba yote giza. Keateka (mwangalizi wa nyumba) asema ni stima yapungua nguvu. Nibadilishe shawa?

JIBU: Sijambo ndugu yangu, na kwa kweli umeshajijibu, keateka ndo hajasoma barua yako. Stima ikipungua nguvu shawa inatoa maji ya uvuguvugu, haiangushi RCD.

Hizo shawa za kuchemsha papo kwa papo nyingi elementi yake ni koili iko uchi ndani ya maji, fungua kichwa utaiona kama springi ya kalamu. Umeme unapita kwenye koili na maji yanapita juu yake. Maji matamu hayapitishi umeme sana, kinachovuja ni kidogo na waya wa ethi uliowekwa ndani ya kichwa unakidaka. Maji ya visima vya pwani yana chumvi, na chumvi inapitisha umeme vizuri, kwahiyo kinachovuja kinaongezeka mara nyingi na swichi inafanya kazi yake. Chumvi hiyohiyo inaila koili, utakuwa umeshabadilisha elementi mara mbili tatu hapo, nabahatisha.

Shawa za maji ya chumvi zipo, elementi yake imevikwa ganda haigusani na maji, ulizia dukani kwa jina hilohilo, shawa ya maji ya chumvi. Mpaka uipate, siku ya boza ogeni kwa ndoo. Mtu akija akakwambia atoe ethi ya shawa ili isitripu mwonyeshe mlango. Friji unaishika na mkono, shawa umesimama chini yake uchi umelowa.

SWALI: Fundi mi nipo Morogoro nina mashine ya kufulia ya mtumba. Kinachonishangaza, soketi nimeizima kabisa ukutani, nikichomeka tu plagi RCD inaruka, umeme unapitaje kwenye swichi iliyozimwa? Halafu siku nyingine nachomeka hairuki. Mshkaji wangu anasema nyumba ina majini.

JIBU: Hili swali nalipenda kuliko yote, mafundi wengi linawachenga.

Soketi zetu nyingi hizi za pini tatu bapa, ukizima unakata laivu tu. Nyutro inabaki imeunganishwa muda wote. Sasa kama ndani ya mashine yako nyutro inagusana na bati, mara nyingi ni ile elementi ya kuchemshia maji imepasuka upande wa nyutro, ukichomeka tu umeunganisha nyutro ya nyumba na ethi. Umeme wa vitu vingine, feni, taa, pasi ya dada, ukiwa unarudi kwenye nyutro unakuta njia panda, sehemu inarudi kwa swichi, sehemu inakatiza kwenye mashine yako inaenda ardhini. Hesabu ya vikombe imeharibika, na mashine yenyewe haijawashwa hata taa.

Ndo maana pia siku nyingine hairuki, kama hakuna kitu kingine kinachokula umeme nyumbani hakuna cha kupotea. Hapa ndo watu wanadanganyika, wanachomoa kila kitu wanazima mpaka taa, wanachomeka mashine peke yake, haijaruka, wanasema mashine nzima wanaanza kupasua ukuta. Ukipima kifaa kimoja kimoja acha kitu cha kula umeme kinawaka, hata birika. Na ndo sababu nimemwambia dada wa Kigamboni achomoe, asizime.

Ukitaka uhakika, plagi ikiwa nje mkononi kabisa, weka multimita kwenye omu kati ya pini ndefu na kila moja ya zile fupi. Isisome kitu. Ikisoma namba ndogo, makumi ya omu tu, umempata, na multimita kwa kosa hili inatosha maana hapo vimeshikana kabisa. Elementi nzima yenyewe ya wati 2000 pini zake mbili zitasoma kama omu 26, usichanganye hiyo ukadhani ndo kosa. Kama ingekuwa inaruka wakati wa kukamua tu ningekwambia tazama mota, zile zenye kaboni zinamwaga vumbi jeusi na vumbi hilo linapitisha umeme, linapulizwa mashine ikiwa imechomolewa na kazi inaisha.

Majini hawana shida na mashine za kufulia.

SWALI: Kitufe cha T kwenye swichi nikikibonyeza hakuna kinachotokea, umeme unaendelea tu. Inamaanisha nyumba yangu iko salama?

JIBU: Kinyume chake kaka. Hicho kitufe ukikibonyeza kinavujisha umeme kidogo makusudi humohumo ndani kuona kama itaruka. Umeme upo na haijaruka, basi swichi imekufa imebaki pambo, ibadilishwe wiki hii, na unapobadilisha hakikisha hiyo mpya nayo wamebonyeza T mbele yako kabla hujatoa hela. Zikikaa miaka bila kubonyezwa chuma cha ndani kinaganda, kwahiyo ibonyeze kila baada ya miezi mitatu hivi. Kumbuka T haikagui ethi ya nyumba, inaweza kuruka vizuri huku waya wa kijani umekatwa kama kwa yule dada. Na ukibonyeza nyumba nzima inazimika, kwahiyo zima kompyuta kwanza, na uangalie mechi haichezwi.